Mbolea inapobaki dukani, kosa ni la bei, la duka au la udongo?

KATIKA maduka mengi ya pembejeo vijijini, mkulima anayekuja kununua urea hufanya jambo moja kabla ya kuuliza bei. Huingiza mkono katika mfuko uliofunguliwa, husugua punje kati ya vidole na kutazama rangi yake. Akikuta mabonge, au punje zilizogeuka unga, huutoa mkono na kusema maneno ambayo hakuna mwenye duka asiyeyajua: “Hii imechakachuliwa.” Mwenye duka huapa kwamba mfuko ulitoka kwa msambazaji ukiwa umeshonwa. Mkulima huenda zake, pengine kupanda bila mbolea kabisa. Mmoja amekosa mauzo, mwingine atakosa mavuno, na kati yao hakuna aliyepima chochote.

Ugomvi huo mdogo wa dukani una gharama kubwa kuliko unavyoonekana. Agosti 2022 Serikali ya Tanzania ilizindua ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/2023, na mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP, ambao bei yake sokoni ilikuwa imepita Sh120,000, ukauzwa Sh70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa. Mwezi uliofuata Kenya nayo ilishusha mfuko kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500 za nchi hiyo. Kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imepitia mfumo wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008. Mipango yote hiyo inasimama zaidi juu ya jibu moja, kwamba mkulima mdogo hatumii mbolea ya kutosha kwa sababu ni ghali.

Jibu hilo si la uongo. Mwaka 2022 bei ilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuanza, kila mwenye shamba alilihisi. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 sasa, watafiti wa uchumi wamekuwa wakiuliza swali hilohilo katika mashamba ya Afrika Mashariki kwa kutumia vipimo badala ya maoni, na majibu waliyorudi nayo ni zaidi ya moja. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, namna walivyoyapata majibu hayo ina manufaa kama majibu yenyewe, kwa kuwa vifaa vyao vingi ni vya kawaida: mizani, kamba ya kupimia, kura ya kutupa sarafu, na mnunuzi asiyejitambulisha.

Tuanze na tuhuma ya kuchakachua. Mwaka 2017 watafiti Tessa Bold, Kayuki Kaizzi, Jakob Svensson na David Yanagizawa-Drott walichapisha matokeo ya kazi yao nchini Uganda. Hawakuwauliza wenye maduka kama bidhaa zao ni safi, maana jibu linajulikana. Walituma watu waliojifanya wanunuzi wa kawaida, wakanunua urea na mbegu chotara za mahindi, kisha sampuli zikapelekwa kupimwa. Urea ilionekana kupungukiwa naitrojeni kwa wastani wa asilimia 30, na katika mbegu zilizouzwa kama chotara, zilizo halisi zilikadiriwa kuwa chini ya nusu. Habari hizo zilienea haraka, kwa sababu zilithibitisha kile ambacho wakulima walikuwa wakikisema siku zote.

Hata hivyo, matokeo ya urea yalizua mjadala miongoni mwa watafiti wenyewe, na sababu yake anaweza kuiona hata asiyewahi kuingia maabara. Urea ni kemikali moja, na katika kila kilo 100 zake kuna kilo 46 za naitrojeni. Ili mfuko wa kilo 50 upungukiwe asilimia 30, ni lazima kilo kama 15 za urea ziondolewe na kitu kingine kiwekwe mahali pake. Kitu hicho kiwe cheupe, kiwe na punje zinazofanana, kisiwe na naitrojeni, na kiwe rahisi kuliko urea hata baada ya kukisafirisha na kushona mfuko upya. Chumvi au mchanga vingeonekana kwa jicho. Si jambo lisilowezekana, lakini kwa duka la kijijini linalouza mifuko michache kwa msimu, hesabu ya faida yake ni ngumu.

Kundi jingine, likiongozwa na Hope Michelson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilifanya kazi kama hiyo mkoani Morogoro. Lilikusanya sampuli zaidi ya 600 za mbolea kutoka maduka ya mkoa huo na kuzipima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikuwa kinyume na matarajio ya wengi: karibu mbolea yote ilikuwa na naitrojeni iliyotakiwa. Wakati huohuo, wakulima wa mkoa huohuo walipohojiwa, wengi waliamini kuwa sehemu kubwa ya mbolea sokoni ni mbovu.

Je, imani hiyo ilitoka wapi? Sehemu ya jibu ipo katika mfuko uliofunguliwa. Sampuli nyingi zilikuwa na dosari za kuonekana kama mabonge, punje zilizosagika na rangi iliyobadilika. Urea hunywa unyevu wa hewa. Muuzaji anayeuza kwa kilo, kwa sababu wateja wake hawana fedha ya mfuko mzima, huuacha mfuko wazi kwa wiki kadhaa, nayo hunyonya unyevu na kuganda. Naitrojeni bado imo. Lakini mkulima hana jicho la kuona naitrojeni. Analoliona ni bonge, naye hupima ubora kwa kile anachokiona. Watafiti walipowauliza wakulima wangelipa kiasi gani, mbolea yenye mabonge ilipewa bei ya chini, na ile waliyoambiwa kuwa imepimwa maabara ikapewa bei ya juu.

Sehemu nyingine ya jibu ni ngumu zaidi, na huenda ndiyo inayostahili kufikiriwa kwa muda mrefu. Tuseme mkulima ameweka mbolea nzuri, mvua ikakatika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mavuno yatakuwa mabaya. Tuseme msimu mwingine mbolea ni nzuri na mvua ni nzuri, lakini udongo umechoka, au viwavijeshi wamevamia. Mavuno yatakuwa mabaya tena. Mambo yanayoharibu zao ni mengi, na ubora wa mbolea ndio usioonekana kabisa, hivyo lawama huangukia hapo kwa urahisi. Kila msimu mbaya unaongeza ushahidi wa uongo juu ya mbolea, hata kama mbolea haikuwa na kosa. Utafiti uliofanywa Tanzania na Jessica Hoel, Michelson na wenzao umeonyesha jambo hilo waziwazi: uzoefu peke yake haumfundishi mkulima ukweli, kwa sababu anaihesabia mbolea makosa ya hali ya hewa.

Wazee husema uzoefu ni mwalimu, na katika mambo mengi ni kweli. Lakini uzoefu wa shamba moja, msimu mmoja baada ya mwingine, hauwezi kutenganisha mvua na mbolea. Kinachotenganisha ni ulinganisho.

Kwa mfanyabiashara, hasara ya imani hiyo ilielezwa zamani na mwanauchumi George Akerlof katika makala yake ya mwaka 1970 iliyohusu soko la magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote. Mwenye gari zuri huona anapunjwa, huliondoa sokoni, na yanayobaki huwa mabovu zaidi. Akerlof alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001 kwa kazi zao juu ya masoko ya namna hiyo. Badala ya gari weka mfuko wa mbolea, na mtu anaweza kuona kwa nini muuzaji mwaminifu asiye na njia ya kuonyesha uaminifu wake huumia pamoja na tapeli.

Wala mtu asichukue matokeo ya Morogoro kuwa cheti cha kudumu. Kipimo kinasema kilichokuwepo mahali fulani, wakati fulani, kwa aina fulani ya mbolea. Mwaka 2024 nchini Kenya, sehemu ya mbolea iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku ilibainika kutokidhi viwango. Suala hilo lilifika bungeni, ambako wabunge walipiga kura ya kumwondoa waziri wa kilimo, ingawa baadaye kamati maalumu iliona tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa. Mbolea za kuchanganywa, zenye majina mapya ambayo mkulima hayajui, ni rahisi kuharibiwa kuliko urea. Mbegu nazo ni habari nyingine kabisa. Kinachotakiwa ni kupima mara kwa mara na kutangaza majibu, hata yanapokuwa mazuri. Mamlaka nyingi hutangaza zinapokamata mbolea bandia, lakini ni mara chache wananchi husikia kwamba maduka ya wilaya yao yalikaguliwa na kukutwa safi.

Kutangaza habari njema nako kumejaribiwa. Michelson, Christopher Magomba na Annemie Maertens waliendesha kampeni ya taarifa miongoni mwa wakulima nchini Tanzania, wakiwaeleza ubora uliopatikana kwenye vipimo. Waliopewa taarifa na wasiopewa walichaguliwa kwa kura. Imani ya wakulima waliopewa taarifa ilisogea karibu na ukweli, na matumizi ya mbolea yakaongezeka, hata miongoni mwa wasiokuwa wakiitumia. Hapakuwa na punguzo la bei katika taarifa hiyo.

Kwa nini kura?

Neno “kura” limetajwa, nalo linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo jambo ambalo wakulima wengi wanaofikiwa na watafiti hulilalamikia. “Mbona wale wamepewa na sisi hatukupewa?”

Mtu akilinganisha wanaotumia mbolea na wasiotumia, atakuta wanaotumia wanavuna zaidi. Lakini wanaotumia mara nyingi wana ng'ombe wa kulimia, wako karibu na barabara, wanapanda mapema na wana ardhi iliyo bora. Tofauti ya magunia ni ya mambo hayo yote kwa pamoja. Kura inapoamua nani apewe, makundi mawili yanakuwa na watu wa kila namna kwa kiasi kinachokaribiana, na tofauti inayobaki mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa ya kitu kilichotolewa. Hapana upendeleo ndani yake. Upendeleo ungekuwepo kama mtendaji wa kijiji ndiye angechagua.

Jaribio lililojulikana sana la aina hiyo lilifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2000. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliweka vipande vya majaribio katika mashamba ya wakulima wenyewe, si kwenye kituo cha utafiti ambako kila kitu kinasimamiwa. Walikuta kwamba mbolea ya kukuzia kwa kipimo kidogo, nusu kijiko cha chai kwa shimo, ilimpa mkulima faida nzuri. Kifurushi kamili kilichopendekezwa na wizara, cha mbegu chotara pamoja na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, hakikumlipa mkulima wa kawaida wa eneo lile. Kwa maneno mengine, mkulima aliyekuwa akisikiliza ushauri wa kitaalamu na kisha kuupuuza hakuwa mjinga. Inapasa wataalamu walikumbuke hilo, hasa wanaochapisha kiwango kimoja cha mbolea kwa nchi nzima.

Swali likabaki: kama nusu kijiko kina faida, kwa nini wengi hawakukitumia? Wengi walijibu kwamba walitaka kununua lakini wakati wa kuweka mbolea fedha ilikuwa imekwisha. Ndipo watafiti wakajaribu jambo dogo. Mara baada ya mavuno, wakati mkulima ana fedha ya mahindi mkononi, alitembelewa nyumbani na kupewa nafasi ya kulipia mbolea ya msimu ujao kwa bei ya kawaida, na kupelekewa bila nauli. Muda wa kuamua ulikuwa mfupi. Matumizi yaliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana na kile kilichopatikana kwa punguzo la nusu ya bei lililotolewa baadaye, wakati wa kuweka mbolea. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za majaribio ya aina hii.

Mwenye duka la pembejeo anayesoma habari hiyo anaweza kuona biashara ndani yake. Mteja wake yuko tayari Julai na Agosti, mahindi yanapouzwa. Desemba au Januari, ada za shule na sikukuu zikishapita, hayuko tena. Daftari la malipo ya awali, lenye risiti na tarehe ya kupokea, halihitaji ruzuku ya mtu yeyote. Linahitaji kuaminiwa, na hapo ndipo mambo ya mabonge yanaporudi.

Wastani unaoficha

Yapo mashamba ambayo mbolea haina faida hata ikiwa safi na ya bei nafuu. Paswel Marenya na Christopher Barrett walionyesha mwaka 2009 kuwa karibu theluthi ya vipande walivyovichunguza magharibi mwa Kenya vilikuwa na udongo uliochoka, wenye mboji kidogo kiasi kwamba mbolea ya viwandani haikuweza kurudisha gharama yake. Mwenye shamba la namna hiyo anahitaji samadi na mabaki ya mazao kwanza. Tavneet Suri, katika utafiti wake wa 2011 juu ya mahindi chotara nchini Kenya, alikuta tofauti kama hizo: baadhi ya wasiotumia chotara walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa kwao isingewaongezea kitu, ilhali kundi dogo lingepata faida kubwa sana lakini lilikuwa mbali mno na wauzaji. Wastani wa makundi hayo mawili hauelezi hali ya hata mmoja wao.

Hesabu ya haraka inaweza kufanywa na yeyote. Kwa mfuko wa Sh70,000, kilo moja ya urea ni Sh1,400, na kilo moja ya naitrojeni iliyomo ni kama Sh3,040. Ikiwa mahindi yanauzwa shambani, kwa mfano, Sh500 kwa kilo, basi kila kilo ya naitrojeni inapaswa kuongeza kilo 6 za mahindi ili kurudisha bei yake tu, bila kuhesabu nauli na kibarua. Mahindi yakishuka hadi Sh300, zinahitajika kilo 10. Ruzuku na bei ya mahindi ni mambo ya meza moja, lakini hujadiliwa mara nyingi kama ya wizara mbili tofauti.

Hesabu zote hizi huharibika kama ekari si ekari. Katika vijiji vingi ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ina mita za mraba 4,047, hivyo hatua hizo ni sahihi kwa mtu anayepiga hatua ya sentimeta 91. Mwenye hatua ya sentimeta 75 atapata mita za mraba zipatazo 2,760, yaani theluthi mbili tu ya ekari na kidogo juu. Anayetumia mita 70 kwa 70 kwa kamba atapata 4,900. Mtu wa kwanza akiweka mfuko mmoja wa kilo 50, ameweka kiasi cha kilo 73 kwa ekari bila kujua, kisha atamweleza mtafiti kwamba “kwa ekari moja” amevuna magunia machache. Utafiti wa Uganda uliolinganisha maneno ya wakulima na vipimo vya GPS ulikuta wenye vipande vidogo hutaja ukubwa unaozidi ule halisi, na wenye vipande vikubwa hutaja pungufu. Usajili wa ruzuku nao huandika ukubwa wa shamba, na asiyejua ekari yake anaweza kuomba mifuko isiyomtosha au inayozidi. Aidha, gunia na debe vina matatizo yao, na wanaouza kwa lumbesa hawahitaji kuelezwa.

Mkulima anayetaka kujua kama mbolea ya duka fulani inamfaa anaweza kufanya jaribio lake kwa gharama ya daftari na kamba. Anachagua mistari 10 katikati ya shamba, si kandokando ya njia wala chini ya mti, na kuigawa katika jozi tano zinazopakana. Kwa kila jozi anatupa sarafu: mstari mmoja unawekewa mbolea, wa pili hauwekewi, na kigingi kinawekwa mwanzoni mwa kila mmoja. Kila kitu kingine kinakuwa sawa, yaani mbegu, siku ya kupanda na palizi. Wakati wa mavuno kila mstari unapukuchuliwa na kupimwa peke yake kwa mizani, nafaka ikiwa imekauka. Mvua ikiwa mbaya, imekuwa mbaya kwa yote 10. Katika jozi tano, mstari wa mbolea ukishinda mara tano au nne kwa tofauti ya kueleweka, mkulima ana jibu ambalo hakuna aliyempa kwa mdomo. Ukishinda mara tatu tu, bado hajui, na arudie msimu ujao au aungane na majirani wanne wafanye pamoja na kuunganisha hesabu.

Mwenye duka anaweza kumpa mkulima huyo kilo chache kutoka mfuko ulioshonwa na kilo chache kutoka ule ulioganda, kila moja na mistari yake.